Mama Mwenye Mukaba Kwenye Nyota ya Kijani

Mukaba wa mama yangu bado unanuka. Ukiuweka karibu na pua unapata jasho, moshi wa kuni mbichi, muhogo ulioloweshwa, na kitu kingine ambacho mimi nasema ni udongo wa kwetu Muheto. Dada yangu anasema udongo ni udongo, hakuna wa Muheto wala wa wapi. Pengine yeye njo anasema kweli.

Baada ya kumzika mama tulikaa kugawana vitu vyake, na havikuwa vingi. Dada alichukua vitenge na sufuria, kaka zangu wakachukua jembe na panga, mukaba ukabaki juu ya mkeka kama kitu cha mpita njia aliyesahau. Nikauchukua mimi. Ni kamba tu, imesukwa kwa nyuzi za mgomba, pana pale katikati inapokaa kwenye paji la uso, na hapo mama alishonea kipande cha gunia ili isimkate ngozi. Ncha zake zinafungwa kwenye kitunga, kitunga kinalala mgongoni, na kichwa njo kinavuta. Nyinyi mliokulia milima hii mnajua. Mama alivuta hivyo tangu usichana mpaka paji lake likawa na bonde dogo, laini. Nilipokuwa mtoto nilipenda kupitisha kidole humo, nikidhani kila mwanamke akizaa mtoto anapata na bonde lake.

Basi nilipounusa mukaba ule, wengine wangekumbuka shamba. Mimi nilikumbuka nyota. Ninajua inachekesha. Nitaeleza vile ninavyokumbuka, na mahali nisipokuwa na hakika nitasema sina hakika, maana mtoto anaona kitu kimoja na mtu mzima anakumbuka kingine, na mimi sikusoma vya kutosha kuvitenganisha.

Wakati ule tulikuwa tumeteremka kutoka Muheto mpaka Kashebere, kwa sababu kule juu mambo hayakuwa mazuri. Sitaandika nani alimkimbiza nani. Nilikuwa mdogo, na kila mtu mzima niliyemsikia alianza habari hiyo pale alipoumizwa yeye. Kashebere ni mahali pa barabara: magari ya mizigo yanakwama kwenye matope, pikipiki zinapita pembeni, na kila nyumba ina meza mbele yenye kitu cha kuuza. Mama alipata kipande cha shamba kilimani, akapanda muhogo na maharage yale marefu yanayopanda fito. Alishuka kila siku ya soko na kitunga mgongoni, ameinama, macho yakitazama vidole vya miguu yake.

Kuna desturi moja ya njia ile ambayo lazima niiseme sasa. Mwenye mzigo mkubwa wa mukaba hawezi kuutua peke yake bila kuanguka nao. Kwa hiyo akichoka anasimama, anakugeuzia mgongo, wala haombi. Wewe unashika kitunga kwa chini, yeye anatoa kichwa kwenye kamba, mnakiteremsha pamoja. Akiisha kupumzika unamtwika tena, kila mtu anaendelea na njia yake. Hakuna anayeuliza wewe ni mtoto wa nani. Hata katika siku zile ambazo watu walipita wakiangalia upande mwingine ili wasisalimiane, niliona kwa macho yangu mgongo ukigeuzwa na mikono ikija. Mama alitufundisha hilo kabla ya kutufundisha kusali, na kusali tulisali sana.

Rafiki yangu aliitwa Solange. Kwao ni Nyamitaba, watu wa ng'ombe. Alikuwa anakaa kwa shangazi yake, Mama Odette, aliyeuza maziwa na jibini kando ya barabara, na baba yake alikuwa akishuka na bidoo za maziwa, madumu ya plastiki, zimefungwa kwenye pikipiki. Sisi tulikuwa watu wa jembe na wao watu wa fimbo, na kulikuwa na wakubwa ambao hawakupenda tukae benchi moja. Tulikaa. Solange alikuwa mrefu, mpole, na mbishi kwa namna ya kimyakimya: alisema ndiyo, halafu akafanya yake.

Karibu na meza ya Mama Odette ilikuwa salle ya Papa Zakaria, nyumba ya mbao yenye bati, na ndani yake televizyo, mashini ya michezo na manette mbili, vile vya kushika mkononi ukicheza, zilizofungwa fungwa utepe. Nyuma ya nyumba groupe, jenereta yake, ilinguruma, ikinuka mafuta. Papa Zakaria alikuwa na mambo mawili. Siku za kazi alikaa mlangoni akilinda mafuta ya groupe yake kama mtu analinda mtoto mgonjwa. Akiona wachezaji wamenyamaza kidogo tu: "Mumemaliza? Ninazima!" Na siku ya Bwana alisimama mbele ya kanisa letu na kutusomea Neno, kwa sauti ileile.

Wasichana hatukuwa tunaingia salle. Solange aliingia kwa sababu Papa Zakaria alipenda mashanza, maziwa yale yaliyoganda, na Mama Odette alimpelekea. Malipo yake yakawa Solange acheze. Mimi niliingia nyuma ya Solange kama mkia.

Siku ya kwanza sikuelewa kwamba ninaangalia mchezo. Niliona giza, na katika giza vumbi la nyota, nyingi kuliko za kwetu baada ya mvua. Halafu kitu kikubwa, cheupe, kikatoka taratibu upande mmoja wa televizyo, kikiwa na pembe mbili ndefu zilizopinda kwenda juu, na mwili wa duara, na kichwa chenye ncha. Kiligeuka polepole sana. Nilishika mkono wa Solange.

"Ile ni chansi," alisema.

Chansi ni chombo cha mti ambacho kwao wanakamulia maziwa, na kifuniko chake kimesukwa kwa majani, kina ncha kama nyumba ya zamani. Nilikuwa nimekiona kwa Mama Odette, cheusi kwa moshi wa majani mazuri wanayokifukizia. Na kweli ilikuwa chansi. Ilikuwa chansi kubwa kama mlima, yenye pembe za ng'ombe wa kwao, na inaruka. Wakatoka watu warefu wenye nguo nyeupe iliyofungwa bega moja na fimbo mkononi, wakatembea kwa madaha ndani ya chombo kile, na mmoja akasimama akakiimbia. Solange alifunika mdomo. "Vile njo babu anaimbiaka ng'ombe," alininong'oneza. "Anaiita majina yake mazuri-mazuri mbele ya kuipeleka majanini."

"Papa Zakaria," nikauliza, "ii ni sinema ya wapi?"

Papa Zakaria alikohoa, akachukua sauti ya siku ya Bwana. "Ii haiko sinema. Ii ni mambo ya mbele. Njo vile watu batakuwa siku zenye kuya, wakati dunia itakuwa imejaa na batapanda ku nyota."

Nikamwamini. Mtu aliyetusomea habari za mbingu mpya na nchi mpya angetudanganyaje habari za nyota? Sasa najua alikuwa anaeleza tu hadithi ya mchezo, kwa Kifaransa kidogo alichokiokota humo. Hakusema uongo. Mimi njo niliweka maneno yake kwenye rafu isiyokuwa yao.

Mataifa ya mule ndani yalikuwa mengi, na watoto walikuwa wameyapa majina. Wale wa Solange walikuwa Wa-Pembe. Kulikuwa na Wa-Chuma, wenye kofia ngumu za duara na buti, wanaopiga hatua pamoja na kuweka bendera kila mahali. Hao kila mtu aliwajua kutoka kwenye picha za kitabu cha historia. Kulikuwa na Wa-Majani, wenye sura za mti na sketi za nyuzi, wanaotoka kwenye msitu mweusi wa nyota yao bila kutanguliza sauti. Mvulana mmoja wa upande wa Walikale kwenyewe, kule msituni, Shukuru, kwa kawaida hakutaka kucheza wengine. "Abo ni ba tonton yangu," alisema na kifua mbele, yaani wajomba zake. "Angalia vile banacheza na magoti. Mutu wa Masisi, wa milima kama nyiye, hawezi kupiga magoti vile."

Shukuru njo alikuwa mdomo wa salle. Hakuna aliyeponyoka. Mwenye pua alisikia habari ya pua yake, mwenye baba mlevi alisikia habari ya baba yake, na kusema kweli alijicheka na yeye mwenyewe, masikio yake makubwa, kwa hiyo hatukuweza kumchukia vizuri.

Nilikaa siku nyingi nikiangalia. Na polepole nikaanza kutafuta watu wetu mule ndani. Mwishowe nikauliza.

"Na sisi tuko wapi?"

"Siye banani?" Shukuru hakugeuza hata kichwa.

"Siye ba Muheto. Ba maharage."

Salle yote ikacheka kabla hajajibu, maana walijua jibu linakuja. "Ba maharage!" akasema Shukuru. "Dada yangu, ba maharage bataendaka namna gani ku nyota? Mule ndani hamuna dirisha ya kufungua. Bakikula maharage mangaribi, asubuyi ndege yote imekufa!"

Hata Papa Zakaria alicheka mpaka akafuta macho. Nilicheka na mimi, maana ilichekesha. Lakini nilipotoka nje nilikaa kwenye jiwe nikalia, na Solange akakaa kando yangu na bidoo tupu ya maziwa.

Mniwie radhi wakubwa wenzangu, lakini fikirini kwa akili ya mtoto. Ilikuwa ni siku za mbele. Solange alikuwepo, na babu yake na chansi yake. Shukuru alikuwepo na tonton zake. Hata wazungu wa kofia ngumu walikuwepo. Mwenye jembe hakuwepo. Mama yangu hakuwepo. Nilikuwa tayari nimeona watu wakikosekana: ulikuwa unaamka, nyumba ya jirani iko wazi, sufuria bado iko jikoni. Kwa hiyo nilielewa kwamba kabla ya siku hizo kufika, watu wetu watakuwa wamekwisha, na kwamba Mungu amemwonyesha Papa Zakaria kwa televizyo, na Papa Zakaria ananihurumia asinieleze.

Nikaanza kumlinda mama. Akipanda shambani nilitaka kwenda naye. Usiku nilipitisha kidole kwenye bonde la paji lake kuona kama lipo. Siku moja akiwa anamenya muhogo nilimuuliza, "Mama, siku za mbele tutakuwa wapi?"

"Tutakuwa ku shamba," alisema. "Leta maji."

"Na kisha?"

"Kisha tutakuwa tunamenya muhogo mwenye tulitosha ku shamba. Riziki, maji!"

Sikumweleza. Nilimweleza Solange peke yake. Nilidhani atacheka. Alichora pembe kwenye udongo kwa kijiti, halafu akasema, "Pengine beko, lakini beko mbali. Nyota ni mingi. Nitaenda kubatafuta."

Na alienda. Toka siku hiyo, zamu ya Solange ilipofika, alipanda kwenye chansi yake ya pembe, akaacha vita, akaenda zake. Mchezo ule uliruhusu: ungeweza kuruka mpaka uchoke, lakini huko ukipotelea hupati kitu, na adui anakukuta peke yako na kukumaliza. Wavulana walikuwa wanapagawa.

"Solange! Vita iko huku!"

"Ninajua."

"Sasa unaenda wapi?"

"Niko natafuta."

"Unatafuta nini mu giza?"

"Mama ya Riziki."

Walipiga kelele kwa kicheko. Kila mara Shukuru aliwaacha tonton zake, akachukua chombo cha Wa-Chuma chenye bunduki nyingi, akamfuata na kuipasua chansi yake ikawa cheche nyeupe, na Solange aliweka manette chini, akasema "aksanti," akatoka. Kesho yake alirudi. Alipita nyota za moto, nyota za barafu, nyota ambazo ni mawe tu. Nilikaa kando yake nikitazama kwa hofu na kwa kitu ambacho hadi leo sijapata jina lake vizuri, ule mshangao wa kuona ukubwa usio na mwisho, na ndani yake chombo kidogo cha maziwa kikitafuta mtu mmoja.

Wachezaji walianza kulalamika kwamba zamu zinapotea. Papa Zakaria akamwita Solange mlangoni. "Mutoto wangu, mashanza ya shangazi yako ni tamu, lakini hii ni mashini ya kupigana. Kesho ukiruka tena bure, nitamupa zamu yako mutu mwingine. Nimesema."

Solange alisema ndiyo. Mimi nilimjua. Ndiyo ile haikuwa ndiyo.

Hapa nisimame kidogo. Mtoto wa dada yangu amesomea informatique, mambo ya kompyuta, kule Goma, na mwaka huu, tulipokuwa kwenye kilio, nilimweleza habari hii. Hakunicheka. Alisema watu wanaotengeneza michezo ile wanakaa mbali sana, na wanapotaka kuunda taifa la nyota hawalitoi kichwani peke yake. Wanafungua picha za watu wa kweli: wanachukua nguo hapa, nyumba pale, pembe za ng'ombe huku, wanachanganya. Kwa hiyo chansi ya Solange pengine ilitoka kweli kwa watu wa ng'ombe kama wao, pengine iliunganishwa na ya wengine. Nimefikiri sana tangu hapo, na nataka niwe wa haki. Wa-Pembe waliwafanya wenye kiburi, hawasalimii mtu. Mama Odette alikuwa anasalimia mpaka mbuzi. Wa-Majani hawakuwapa maneno, waliwapa kunguruma tu. Na mimi tonton wa Shukuru nilimsikia siku moja akihubiri kwenye arusi, watu wakalia kwa uzuri wa maneno yake. Walichukua nguo, watu wenyewe wakawaacha. Wakati ule sikuliona hilo. Wala Shukuru sidhani aliliona. Alikuwa na furaha kwamba yupo, na mimi nilikuwa na wivu. Hata wale watengenezaji siwezi kuwalaumu moja kwa moja, maana bila wao nisingeona nilichokiona kesho yake.

Kesho yake, baada ya onyo lile la Papa Zakaria, ilikuwa siku ya soko, mawingu yamekaa chini juu ya milima. Solange alishika manette ya kwanza, Shukuru ya pili. Chansi ikatoka, ikageuza pembe, ikaondoka vitani. Watu waliguna. Papa Zakaria alisimama mlangoni, mkono mmoja kwenye fremu.

Alipita mbali kuliko siku zote. Shukuru alikuwa nyuma yake na chombo chake cha chuma, akiimba, "Ninakuya, ninakuya." Ndipo mbele yetu kikatokea kitu kidogo cha kijani. Kikakua. Kikawa milima. Niliinuka kidogo benchini. Ilikuwa milima yetu, imekaa moja nyuma ya nyingine, na ukungu umelala katikati kama unavyolala asubuhi ukiangalia kutoka Muheto. Kwenye miteremko kulikuwa na fito zimesimama, nyingi, kila moja na majani yanayoizunguka kupanda juu.

"Maharage," nikasema.

Hakuna aliyecheka. Hata sasa sijui kwa nini.

Solange alishusha chansi chini kidogo, pole, kama mtu anayeingia nyumba ya wengine. Hapo hapakuwa na vita wala adui wala hazina, njo maana hakuna aliyewahi kufika. Ilikuwa mahali pa kupamba tu, nadhani. Na kwenye njia nyembamba iliyopita katikati ya fito alikuwa anatembea mtu mmoja, mdogo kama punje. Solange akakaribia. Alikuwa mwanamke. Ameinama. Mgongoni ana kitu cha duara, kikubwa kuliko yeye, na kutoka kwenye kitu kile mstari mmoja ulipanda mpaka kwenye paji la uso wake.

"Mukaba," alisema Solange. "Riziki. Ana mukaba."

Nilisogelea televizyo. Nilihisi kitu kinapanda kutoka miguuni mpaka kwenye nywele. Mule ndani ya nyota, mbele kabisa, baada ya kila kitu kilichokuwa kitupate, mtu alikuwa anabeba kwa kichwa na kutazama vidole vyake vya miguu.

"Riziki! Weye mutoto, mvua inakuya na weye uko mu televizyo!"

Ilikuwa sauti ya mama, mlangoni. Alikuwa ametoka sokoni na muhogo ambao haukununuliwa, kitunga kimejaa bado mgongoni. Mlango ulikuwa mfupi, kwa hiyo aliingiza kichwa na mabega tu, na mzigo ukabaki nje. Alifungua mdomo aendelee kunigombeza. Halafu akaona.

Alitazama muda mrefu. Televizyo ilimulika uso wake, na bonde la paji likajaa kivuli chini ya mukaba.

"Ule ni nani?" aliuliza.

"Ni siye, Mama," nikasema. "Ni siye, siku za mbele."

Mama alisogeza kichwa karibu. "Kamba yake iko chini sana," alisema. "Itamuumiza macho. Nani alimutwika vile?" Akaendelea kutazama. Mwanamke alifika mwisho wa njia, akazunguka mlima, akatokea tena pale alipoanzia. "Anaenda wapi?"

"Habakuandika, mama," alisema Papa Zakaria, kwa heshima.

Mwanamke alizunguka tena. Mama alikuwa anahesabu pumzi zake, nakwambia, alikuwa anapumua naye. Kisha akasema, kwa hasira kabisa, kama mtu anayeona jambo baya barabarani: "Lakini anazunguka na muzigo, hakuna mutu wa kumushusha?"

Solange alishusha chansi mpaka chini.

"Solange!" Wavulana walisimama. "Ukishuka hapo unakufa! Shukuru iko nyuma!" Na ilikuwa kweli. Chombo cha chuma kilikuwa kimetokea juu ya milima, bunduki zake zote zimeangalia chini, na kila mtu alijua zamu ya kesho haipo tena. Solange hakugeuka. Chansi ile kubwa nyeupe, na pembe zake na kifuniko chake cha ncha, ilikaa katikati ya njia kati ya fito za maharage. Mlango wake ukafunguka, mtu mrefu wa nguo nyeupe akatoka, akaenda akasimama mbele ya mwanamke.

Mwanamke akasimama.

Mtoto wa dada yangu anasema ni kawaida, watu wa kupamba katika michezo wanasimama ukiwazibia njia. Ni sawa. Mimi ninasema nilichokiona. Alisimama, na alikuwa hajasimama tangu mashini ile iletwe Kashebere.

Nilingoja mlipuko. Haukuja. Niligeuka, na Shukuru hakuwa kwenye benchi. Manette yake ilikuwa chini. Alikuwa amepita katikati ya watu, ameinama chini ya mkono wa Papa Zakaria, amejipenyeza kando ya mama, ametoka nje. Maana sisi wote tulikuwa tunamtazama mwanamke wa nyota, na yeye peke yake njo aliona kwamba mama yangu, muda huo wote, alikuwa amesimama na mzigo wake mlangoni.

"Mama, geuka kidogo," nilisikia anasema. "Niko nakamata kwa chini. Tosha kichwa."

Mama alitoa kichwa kwenye mukaba, kitunga kikashuka, na yeye akanyooka polepole, mkono kiunoni. "Aksanti, mutoto wangu."

"Iko nzito, mama. Mumeweka Muheto yote humu?"

"Na maharage chini," alisema mama. "Njo utembee na mlango wazi."

Sijui ile ya maharage na dirisha aliisikia wapi. Wavulana walianguka kwa kicheko, Shukuru wa kwanza.

Nimewapoteza wale wote. Solange na watu wake walirudi Nyamitaba, kisha mbali zaidi. Shukuru alikwenda na barabara. Salle ilifungwa. Najua pia, kwa haki, kwamba kuna milima mingine duniani na wanawake wengine wanaovuta mzigo kwa paji. Mtoto wa dada yangu alinionyesha picha zao kwenye simu, wamefunikwa theluji miguuni, na nikawaona wana bonde lile lile. Basi huenda mwanamke wa nyota ya kijani ni wa kwao. Kama ni wa kwao, nafurahi kwa watoto wao. Lakini mchoraji yule, popote alipo, aliyeweka mstari ule mwembamba toka mzigoni mpaka kichwani, mahali ambapo hakuna mtu angetazama, alikuwa amemwona mama wa mtu.

Siku ile mvua ilianza kugonga bati. Papa Zakaria alinyoosha mkono kwenye kitufe, maana hakuna aliyekuwa anacheza tena, na groupe inakula mafuta. Mama alikuwa amekaa kwenye kizingiti, mukaba magotini, anafuta uso kwa kitenge. Alitazama televizyo, mwanamke bado amesimama pale kati ya fito, na chombo cheupe kando yake.

"Papa," alisema, "musizime kwanza. Mumuache apumuzike."

Papa Zakaria akarudisha mkono. Tukakaa wote, tukimngoja, mpaka mvua ikapita.